Maswali ya Wasomaji: Sakafu ya Mawe, Grauti na Sila

Barua kuhusu sakafu za mawe ya asili zimekuwa nyingi, na kwa kuwa sehemu kubwa imetoka Tanga mjini, ambako hewa ya bahari haimwachi mtu wala ukuta, nimeona nizijibu kwa pamoja. Ninapotaja sila nina maana ya ile dawa ya majimaji ambayo jiwe au grauti, yaani ule mchanganyiko unaojaza nafasi kati ya vigae, hunyweshwa ili maji na mafuta yasipenye kwa urahisi. Mafundi wetu wanaiita hivyo na sioni sababu ya kuitafutia jina jingine.

Shikamoo fundi. Mwaka jana tuliweka marumaru nyeupe sebuleni na jikoni, na fundi akapaka sila mara mbili mbele ya macho yangu. Sikukuu ya Idi tulikamua ndimu na kutengeneza juisi ya ukwaju pale jikoni. Kesho yake nikakuta alama nyeupe zisizong'aa, nyingine za mviringo kama kitako cha bilauri. Nimesugua kwa sabuni ya unga, nikajaribu jiki, wapi. Fundi anaapa kwamba sila ilikuwa nzuri. Mimi nasema niliuziwa maji. Nani mkweli? – Mama mwenye nyumba, Raskazone

Marahaba, mwanangu. Fundi wako hakukudanganya kuhusu sila, ijapokuwa lilikuwepo jambo moja alilopaswa kukueleza kabla hajafungua kopo. Doa ni kitu cha nje kilichoingia ndani ya vitundu vya jiwe, kama vile mafuta, chai au bizari, na mara nyingi hupafanya mahali pake pawe peusi kuliko jirani. Alama zako ni nyeupe na hazing'ai kwa sababu hakuna kilichoingia, kuna kilichotoka. Marumaru ya kweli ni kalsiamu kaboneti, na asidi ya ndimu au ya ukwaju inapoigusa, sehemu ndogo ya jiwe huyeyuka na kutoa gesi ya kaboni dioksaidi, kisha ule uso uliosuguliwa kiwandani hadi ukawa kama kioo unabaki umekwaruzika kwa namna ambayo jicho linauona ufifi wake lakini kidole hakiuhisi. Ni kovu, na kovu halifuliwi kwa sabuni.

Sila nayo hukaa ndani. Ile nzuri inayopenya huingia kwenye vitundu na kuvipaka kuta zake ili vikatae maji, lakini haiufuniki uso wa jiwe kama kifuniko cha sufuria, kwa hiyo tone la ndimu linaukuta uso uko wazi vilevile. Sila ingekuokoa kama ungemwaga mchuzi wa nazi au chai ya maziwa. Mbele ya asidi haina la kufanya, na muuzaji anayekuahidi vinginevyo kwa marumaru iliyong'arishwa anauza maneno.

Mtu aliyewahi kuingia Mapango ya Amboni, kilomita zipatazo 8 kaskazini ya mji wetu, ameiona kazi hiyohiyo kwa kipimo kingine. Yale ni mawe ya chokaa ya zama za Jurasiki, na vyumba vyake vyote vimechimbwa na maji yaliyobeba asidi hafifu itokanayo na kaboni dioksaidi ya hewani na udongoni. Maji ya Amboni yalikuwa na asidi kidogo na muda usio na hesabu. Juisi yako ya ukwaju ilikuwa na asidi nyingi na usiku mmoja.

Hapa niingize neno kuhusu lugha, maana nusu ya hasara za namna hii zinaanzia dukani. Kwetu sisi kigae cha kiwandani kilichochomwa kwenye tanuri ni marumaru, graniti ni marumaru, jiwe la chokaa lililokatwa ni marumaru, na marumaru yenyewe ni marumaru. Mteja anauliza bei, haulizi jiwe. Kabla hujalipa, omba kipande kilichovunjika, ukidondoshee tone moja la ndimu, usubiri dakika tano, ukifute, kisha ukiinamishe kuelekea dirishani. Kama umeona mapovu, au kama pale palipokuwa na tone hapaakisi tena mwanga sawa na penginepo, jiwe hilo ni la jamii ya chokaa, na jikoni litakusumbua. Graniti haitatikisika kwa ndimu. Kipimo hiki kifanyie kipande cha kutupa, usikifanyie katikati ya sebule kama alivyofanya msomaji mmoja ambaye barua yake sikuwa na moyo wa kuichapisha.

Kuhusu matibabu: pitisha ukucha juu ya alama. Kama haukwami, tafuta unga wa kung'arishia marumaru, ambao kwa kawaida una oksidi ya bati au ya alumini, uulowanishe kidogo hadi uwe kama uji mzito, na usugue kwa kitambaa kizito kwa mwendo wa mviringo, ukifuta na kutazama kila baada ya dakika chache. Kama ukucha unakwama, hiyo ni kazi ya mashine yenye sahani za almasi, ambazo huanza na yenye chembe kubwa na kumalizia na laini kabisa, na hapo muite fundi mwenye uzoefu wa mawe, si wa kubandika vigae tu. Mahali palipong'arishwa upya patahitaji sila upya, kwa sababu pameondolewa ngozi. Sabuni ya unga iache, kwa kuwa chembe zake hukwaruza. Jiki nayo haiondoi kovu, na naomba sana usije ukaichanganya na dawa ya choo yenye asidi kwa matumaini kwamba viwili vitashinda kimoja: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ndani ya jiko dogo inaweza kukuangusha.

Baada ya hapo deki kwa maji na sabuni ya maji isiyo kali, ndimu zikamuliwe juu ya sinia, na mlangoni weka zulia la kufutia miguu. Mchanga wa ufukweni una chembe nyingi za madini ya kwazi (quartz), ambayo katika kipimo cha ugumu wa madini cha Mohs iko kwenye 7, wakati kalisaiti, madini yanayounda marumaru, iko kwenye 3. Kila mjukuu anayeingia kutoka baharini na miguu ya mchanga anapiga msasa sakafu yako.

Mheshimiwa mhariri, kibaraza chetu kimejengwa kwa vigae vya mawe ya chokaa. Kila baada ya masika unga mweupe hutoka kwenye viungo na juu ya mawe. Mume wangu amekwisha paka sila mara tatu, ya mwisho ni ile inayong'aa kama vanishi. Sasa pembe za mawe zinamenyuka tabaka kwa tabaka kama magamba ya samaki. Tununue sila gani iliyo kali zaidi? – Bi Mdogo, Chumbageni

Bibie, msinunue yoyote. Barua hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa sababu kosa lililomo ndani yake nimeliona katika nyumba nyingi za pwani, na mimi mwenyewe nimelifanya. Nilipoanza kazi nilipaka dawa ya akriliki yenye kung'aa kwenye baraza la jamaa yangu, wiki moja kabla ya masika, huku chini bado kukiwa na unyevu. Mvua zilipokwisha, baraza lote lilikuwa jeupe kama limemwagiwa maziwa, na ilinilazimu kulikwangua kwa magoti siku tatu, yeye akiwa amekaa kwenye kiti anakunywa kahawa na kuniangalia bila kusema neno.

Maji mnayopigana nayo hayatoki juu. Yanapanda kutoka ardhini kupitia vitundu vya zege, vya mchanga na saruji, hadi kwenye jiwe, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari, na njiani yanabeba chumvi. Yakifika juu yanakuwa mvuke na kwenda zake, lakini chumvi haigeuki mvuke. Inabaki pale na kuwa fuwele. Jiwe likiwa wazi, fuwele hizo huota juu yake na mnaziona kama unga. Likiwa limezibwa kwa ngozi inayong'aa, fuwele huota chini ya ngozi, ndani ya vitundu, na zinapokua husukuma hadi jiwe linamenyuka. Kwa hiyo magamba mnayoyaona yamesababishwa na unyevu, na sila ya tatu imeyaharakisha.

Anzeni kwa kuujua unga wenyewe. Tia kidogo kwenye kijiko cha maji safi: ukiyeyuka, ni chumvi, usipoyeyuka, na ukatoa mapovu kwa tone la ndimu, ni chokaa iliyosafirishwa na maji kutoka kwenye saruji ya chini. Aina ya pili hupungua kadiri miezi inavyopita na si ya kutisha sana. Aina ya kwanza itaendelea kuja maadamu unyevu na chumvi vipo, na hapa kwetu chumvi ina milango mingi: mchanga wa ufukweni uliotumika bila kuoshwa, maji ya kisima cha magadi yaliyokorogea saruji, au udongo wenyewe ulio karibu na bahari.

Kisha fanyeni jaribio la nailoni. Katika siku zisizo na mvua, chukueni kipande cha nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, nusu mita kwa nusu mita, mkibandike juu ya sakafu kwa gundi ya utepe kingo zote nne, mkiache siku mbili. Mkikuta matone upande wa chini wa nailoni na jiwe limekuwa jeusi, unyevu unatoka ardhini. Mkikuta umande upande wa juu peke yake, ni hewa ya alfajiri tu.

Nasadiki matone yatakuwa chini. Zungukeni basi nje mkatazame: je, bustani imejazwa udongo hadi ukakutana na usawa wa kibaraza, bomba la paa linamwaga maji palepale kwenye msingi, au maji ya kufulia yanamwagwa pembeni? Shusheni udongo angalau sentimeta 15 chini ya usawa wa sakafu na mpeleke maji mbali. Ngozi ile inayong'aa iondolewe kwa dawa yake ya kuvulia, si kwa asidi, maana jiwe lenu ni la chokaa na mmekwisha soma jibu la Raskazone. Unga ufagieni mkavu kwa brashi ngumu ya nyuzi na kuutupa mbali. Mkiuosha kwa ndoo za maji mnaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani, ikapumzike na kutoka tena wiki ijayo.

Halafu ngojeni. Ngojeni vuli ipite na kaskazi ikaushe, mrudie jaribio la nailoni mwezi wa Januari au Februari. Likitoka kavu, mnaweza kupaka sila inayopenya ya aina ya silani au siloksani, ambayo hukataa maji lakini huacha mvuke utoke. Likitoka bichi tena, basi chini ya zege haikutandikwa nailoni siku ya kujenga, na hakuna kopo duniani litakaloitandika leo. Mtachagua kati ya kuishi na unga na kuufagia, jambo ambalo si aibu, au kung'oa vigae na kuanza upya. Kama fedha si tatizo ningeng'oa. Kama ni yangu, ningefagia.

Wazee waliojenga nyumba za matumbawe na chokaa, kama zile zilizobaki Pangani, hawakuwa na sila, na kuta zao zilipumua. Matatizo ya nyingi yameanza siku zilipopigwa plasta ya saruji.

Vigae vyangu ni vya porselini. Duka linanishauri ninunue na sila ya kuvipaka. Ninunue? – Msomaji, Pongwe

Hapana. Porselini hainywi maji kiasi cha kuhitaji sila, na itakayopakwa itabaki juu ikikusanya vumbi. Grauti katikati yake ni habari nyingine, isipokuwa kama ni ya epoksi, yaani ya gundi ngumu badala ya saruji, ambayo nayo haihitaji.

Fundi, nimepanga chumba chenye bafu jipya. Grauti nyeupe ina wiki mbili tu na tayari pembeni inakuwa nyeusi. Je, nikipaka sila sasa weusi utakwisha? – Kijana mpangaji, Ngamiani

Ukipaka sasa, kijana wangu, utaufungia weusi ndani. Grauti ya kawaida ni saruji yenye rangi, na saruji ina vitundu. Vikinywa maji ya sabuni na jasho, kuvu hupata chakula na malazi. Kwanza sugua kwa magadi ya kuokea yaliyokorogwa mazito kwa maji, ukitumia mswaki wa zamani wenye nywele ngumu, suuza mara mbili, kisha bafu lipumzike. Najua hilo ni gumu kwa mpangaji, lakini siku mbili au tatu za kuoga kwa jirani au kwa ndoo uani ni lazima, kwa sababu hewa ya Tanga haikaushi grauti kwa saa sita, na sila iliyopakwa juu ya unyevu haishiki.

Soma pia maandishi ya kopo. Ziko sila zinazoruhusu kupakwa baada ya grauti kukaa siku 3, na ziko zinazotaka siku 28, yaani muda uleule ambao mafundi huipa zege ikomae. Wiki mbili zako zinaweza kuwa zimetosha au hazijatosha, kopo litakuambia. Paka kwa brashi ndogo ukifuata mstari, futa iliyomwagikia kigae kabla haijakauka, subiri kwa muda ulioandikwa, rudia mara ya pili. Ukitaka kujua kama imeshika, siku ya pili weka matone kadhaa ya maji ukubwa wa sarafu ya shilingi 200 na usubiri dakika kumi: yakibaki yamesimama kama juu ya jani la mgomba, imeshika, yakizama na kuacha weusi, mahali hapo hapajafikiwa. Jaribio hilohilo lirudie kila baada ya miezi sita, wala usipake kwa tarehe. Paka pale maji yanapoanza kuzama.

Kama grauti inatoka unga ukiikwaruza kwa ufunguo, fundi aliikoroga kwa maji mengi mno au aliifuta kwa sponji iliyochuruzika, na hapo sila ni kupaka poda kwenye shavu la mgonjwa. Mwambie mwenye nyumba. Na dirisha la bafu lifunguliwe kila baada ya kuoga, hata kama mbu wanalalamika.

Fundi mwenzangu, nimepaka sila kwenye graniti nyeusi ya kaunta ya mteja, nikaenda kula, nikarudi nikakuta utando unaonata wenye rangi kama za mafuta juu ya maji. Mteja hajaona bado. Nifanyeje? – Fundi, Makorora

Mwenzangu, safari hii si kubwa. Graniti nyeusi nyingi zimeshikamana sana, hazina pa kuinywea sila, kwa hiyo uliyoipaka imekaa juu na kukaukia hapo. Lowanisha eneo dogo kwa sila ileile, iache dakika mbili au tatu iulainishe utando wa kwanza, kisha futa kwa nguvu kwa kitambaa kikavu cha pamba, ukibadilisha kitambaa kila kinapoanza kunata. Nenda hatua kwa hatua, usimwagie kaunta yote. Ikigoma, tumia kiyeyushi kilichotajwa kwenye kopo, na ukijaribu kwanza kwenye ukingo wa nyuma. Siku nyingine anza kwa tone la maji: jiwe lisilobadilika rangi kwa dakika kumi na tano halihitaji sila, na kumwambia mteja hivyo kutakupotezea fedha ya kopo moja na kukuletea wateja wa mtaa mzima. Linalohitaji, lipakwe kipande kwa kipande na kufutwa ndani ya dakika zilizoandikwa. Chakula kitangoja.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua, kuhusu grauti nyeusi kwenye mawe meupe ya chokaa. Paka sila uso wa mawe kabla ya kujaza grauti, la sivyo rangi itaingia kwenye kingo na kila kigae kitaonekana kimewekewa fremu ya masizi. Kingo zenyewe zisiguswe na sila, maana grauti haitashika humo. Brashi nyembamba na mkono usioharakishwa. Na kwa kuwa sila uliyoitaja ni ya kiyeyushi, mvuke wake unashika moto. Fungua madirisha, usipake jua la mchana likiwa limelichemsha jiwe, na kabla hujafungua kopo nenda mwenyewe uani ukatazame kama jiko la mkaa limezimwa, kwa sababu katika nyumba zetu kati ya mkaa na sebule mara nyingi kuna pazia tu.